Kopo Moja, Lita 23: Bia ya Ndoo Yaingia Dodoma

Imekubali! Jamani, imekubali, na wenye haraka zao wakichukua hilo tu wakaenda, nimeridhika. Mtu ambaye hajawahi kupika hata togwa, anayeishi nyumba ya kupanga Area C, asiye na friji ya maana wala umeme wa kuaminika, anaweza kutengeneza bia ya rangi ya dhahabu, yenye povu linalosimama na uchungu unaokaa nyuma ya ulimi, akawawekea wageni mezani, na wageni wakauliza imetoka kiwanda gani. Nimeitengeneza, nimeinywa, nimewanywesha na majirani, na chini ya kitanda bado zipo chupa zinazonisubiri. Nishikeni!

Ninachokisifia hivi ni boksi la Coopers, kampuni ya familia ya Adelaide, Australia, iliyoanza mwaka 1862 wakati Thomas Cooper alipopika bia yake ya kwanza. Wanauza bia ya chupa kama wenzao, lakini wanauza pia boksi lenye kila kitu cha kumwezesha mtu kujitengenezea jikoni kwake. Langu nililetewa na shemeji anayeishi Perth. Ndoo ni kubwa kiasi kwamba nguo za watoto wake zilisafiri ndani yake, ikapanda na SGR kutoka Dar, na pale stesheni nilikuwa na hamu ya kuiona ndoo kuliko kumwona shemeji, Mungu anisamehe.

Haya, tulifungue. Ndoo yenyewe ni ya lita 30, plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, kwa hiyo unaona kinachoendelea ndani bila kufunua. Chini ina koki. Juu ina pete ya kuongeza kimo, ili povu likipanda lisimwagike sakafuni. Kuna mwiko mrefu wa kukorogea. Kuna kifaa cha kupimia uzito wa kimiminika, haidromita, ambacho nitakirudia maana kimenivuruga akili. Kuna kijiti cha kujazia chupa kinachojifunga chenyewe ukikiinua. Kuna chupa 30 za plastiki za kahawia, kila moja mililita 740, na vifuniko vyake vya kuzungusha. Kuna mfuko wa sukari ya kupikia bia, pakiti ya vidonge vya sukari vya kutia kwenye chupa, na halafu, katikati ya yote, bwana mkubwa mwenyewe: kopo la kilo 1.7. Ukivua kifuniko chake cha plastiki unakuta pakiti ndogo ya hamira, gramu 7. Gramu saba! Ndizo zinazofanya kazi yote.

Ili mtu aelewe kwa nini kopo hilo linanitoa machozi, aangalie kwanza kazi ya bia inavyogawanyika. Nusu ya kwanza ndiyo ya jasho. Unaotesha shayiri, unaikausha iwe kimea, unaisaga, unailoweka kwenye maji ya moto wa nyuzi 65 hivi ili vimeng'enya vyake vigeuze wanga kuwa sukari, unachuja, kisha unachemsha yale maji matamu pamoja na maua ya hopsi yanayoleta uchungu na harufu. Nusu ya pili ni kupoza, kutia hamira na kuwa na subira. Kopo limekuja na nusu ya kwanza ikiwa imekwisha. Maji yale ya kimea, yakiwa na uchungu wake wa hopsi ndani, yamevukizwa kiwandani kwenye ombwe, kwa moto mdogo, mpaka yakabaki shira nzito ya kahawia inayong'ang'ania kijiko. Nililamba. Utamu kwanza, halafu uchungu unakuja nyuma na kukutia adabu.

Na hizo hopsi hatuna namna ya kuzilima hapa kwetu. Ni mmea unaopenda mchana mrefu wa kiangazi cha nchi zilizo mbali na ikweta, na Dodoma tuko nyuzi 6 tu kusini yake. Kwa hiyo kupewa uchungu huo ndani ya kopo ni zawadi.

Siku ya kupika hakuna kupika. Unaosha kila kitu, unakipitishia dawa ya kuua vijidudu, unamimina shira na sukari ndani ya ndoo, unatia lita mbili za maji ya moto, unakoroga mpaka vyote viyeyuke, unajaza maji baridi mpaka alama ya lita 23, unanyunyiza hamira, unafunika. Basi! Makande yanachukua muda mrefu zaidi. Kuhusu usafi siwezi kutania, hasa kwa sisi wa uwanda huu wa katikati: upepo wa Agosti unaingiza vumbi hata kwenye kabati lililofungwa, na kila punje ya vumbi imebeba vijidudu vinavyopenda sukari kama hamira inavyopenda. Funga madirisha, fagia jana yake, na mtoto asichovye kidole.

Raha nyingine ya kutochemsha ni kwamba mwinuko wetu haukusumbui. Mji uko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Anayechemsha hopsi zake mwenyewe itabidi awaze jambo hilo. Wa kopo hawazi kitu.

Sasa maji, na hapa ndipo nilipokuwa nimejiandaa kwa msiba. Kila mkazi wa Dodoma anajua birika lake linavyovaa ukoko mweupe. Mji huu umenyweshwa kwa miaka mingi na visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na maji yake ni magumu, yana chumvichumvi ambayo mgeni anaigundua kwenye chai ya kwanza. Watu wa bia duniani wanayaheshimu maji kupita kiasi. Plzeň, kule Czech, ilizaa bia nyepesi ya dhahabu kwa maji laini sana. Burton upon Trent, Uingereza, ilitajirika kwa maji yenye salfeti nyingi yanayoipa hopsi makali. Dublin maji yake ya chokaa yalielewana na kimea kilichochomwa, ndiyo maana bia nyeusi ikastawi pale. Nikajiuliza, sisi wa Mzakwe tutaelewana na nini?

Na kopo, kumbe! Kopo halijali. Pale ambapo kemia ya maji ina nguvu kubwa ni wakati wa kuloweka kimea, na kazi hiyo ilishafanyika Australia kwa maji ya huko. Madini yaliyohitajika yamo ndani ya shira tayari. Kilichobaki ni ladha tu. Mimi niliyachemsha maji usiku, nikayaacha yatulie hadi asubuhi, nikamimina ya juu taratibu na kuuacha ukoko chini ya sufuria. Kuchemsha huangusha sehemu ya chokaa na hufukuza klorini ya bomba, mambo mawili kwa mkaa mmoja. Mwenye pesa anunue maji ya duka. Ladha ya chumvi sikuiona, na niliitafuta kwa makusudi.

Halafu joto. Hapa sasa nakaa, vumilieni, maana hili ndilo jambo ambalo hakuna boksi litakalokwambia: uwanda wetu ni kiwanda cha bia ambacho hakijapewa leseni. Maelekezo yanataka ndoo iwe kati ya nyuzi 21 na 27. Juu ya hapo hamira hukimbia, na ikikimbia inatoa harufu za ajabu, ndizi mbivu mpaka rangi ya kuta. Kwa mtu wa Dar hiyo ni vita ya mwaka mzima, tena ndoo yenyewe hutoa joto lake, kwa sababu hamira ikifanya kazi inapasha. Lakini Dodoma ya Juni na Julai! Usiku unashuka mpaka nyuzi 13 au 14, mchana unapanda kidogo kupita 25, na chumba cha tofali chenye dirisha moja kinakaa katikati bila kutikisika. Nilikiweka kipimajoto kwenye kona ya stoo nikawa nakitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne.

Na miezi ya joto, Oktoba na Novemba, jua linapokuwa juu ya nyuzi 30? Tunayo dawa, na tunayo kuliko pwani. Simamisha ndoo ndani ya beseni la maji, ivishe kanga iliyolowa, ncha zake zikae ndani ya beseni. Kanga inanyonya maji, hewa kavu inayapeperusha, na kila tone linaloondoka linaondoka na joto. Ni kanuni ile ile inayoufanya mtungi wa bibi kuwa na maji baridi adhuhuri. Pwani hewa imeshiba unyevu, kanga inabaki imelowa tu na ndoo haipoi sana. Huku kwetu, ambako tunapata mvua kuanzia Desemba hadi Aprili na baada ya hapo tunasahau mawingu yanafananaje, kanga inakauka mbele ya macho yako na nyuzi zinashuka. Ukame wetu, ambao tunaulaani miezi saba kwa mwaka, ni jokofu la bure!

Usiku wa kwanza sikulala vizuri. Asubuhi povu lilikuwa limepanda hadi kwenye pete, la rangi ya krimu, lenye madoa ya kahawia ya hopsi, na stoo nzima inanuka mkate. Hamira hii ni ukoo mmoja na ile ya maandazi, tofauti ni kwamba imechaguliwa vizazi kwa vizazi kwa ajili ya kunywa badala ya kuumua unga. Mke wangu alikuja, akanusa, akasema nisijidai nimegundua kitu, kwao Kondoa nyumba zilinuka hivyo kila baada ya mavuno. Nikanyamaza.

Na ile haidromita! Ni kijiti chenye uzito chini na namba juu, kinaelea ndani ya bia. Sukari ikiwa nyingi kinapanda, sukari ikiisha kinazama. Maji matupu yanasoma 1.000. Siku ya kwanza ndoo yangu ilisoma 1.038. Povu liliposhuka na kimya kikaingia, ilisoma 1.006, na siku iliyofuata ikasoma hivyo hivyo, maana yake hamira imeshiba. Toa moja kutoka kwa nyingine, zidisha kwa 131, unapata asilimia 4.2 ya kilevi. Ongeza kidogo kwa sukari ya chupa. Yaani sasa naweza kusema kwa namba kwamba bia yangu ni nyepesi kuliko Safari, ambayo chupa yake inatangaza 5.5! Sijui kama mnaelewa nguvu ya jambo hili. Miaka yote tumeuliza pombe ya nyumbani ina ukali gani, na jibu limekuwa "utaona ukisimama". Nunueni haidromita hata kama hamtanunua kitu kingine.

Kujaza chupa ni kazi ya watu wawili na redio. Vidonge viwili kila chupa, unasukuma kijiti chini, inajaa, unainua, inakata, unafunga. Sukari hiyo ndogo inaiamsha hamira iliyobaki, inatoa gesi, na gesi haina pa kwenda. Uzuri wa chupa za plastiki ndio huu: unaibana kwa vidole. Siku ya kwanza inabonyea. Ikifika wiki ni ngumu kama jiwe, gesi imekamilika, na hakuna chupa ya kioo inayolipuka kabatini saa nane za usiku. Maelekezo yanaomba ziachwe wiki mbili. Zaidi ya hapo ni bora. Mimi? Niliibana kila nilipopita mlangoni.

Nikafungua. Ile sauti! Pssst ya kweli, ya baa. Povu jeupe, limekaa. Rangi ya majani makavu ya mtama jioni, na chini ya chupa tabaka jembamba la hamira ambalo unaliacha kwa kumimina polepole bila kurudisha chupa wima. Harufu ya mkate na kitu kama ganda la chungwa. Mdomoni ni nyepesi, kavu kidogo kwa sababu ya ile sukari, uchungu safi, na mwisho unaotaka nyama choma. Je, ni bia bora kuliko ile ya dukani? Ya kwanza hii, hapana, mwili wake ni mwembamba. Je, nilijali? Hata kidogo! Baada ya mwezi ikawa nyororo zaidi, na hapo ndipo niliona aibu kwa zile nilizozimaliza mapema.

Basi nikabeba chupa mbili nikaenda kwa mama mmoja wa Chamwino ninayemheshimu katika mambo haya, mpika ujimbi, ile pombe ya mtama ya Wagogo, tangu ujana wake. "Shikamoo mama." "Marahaba, mbukwenyi." Akaimimina kwenye kibuyu, si kwenye glasi, akaitazama muda mrefu, akanywa, akanyamaza, akanywa tena.

"Safi," akasema. "Ila mbona mnainywa ikiwa imelala?"

Ana haki. Pombe yake inanyweka ikiwa bado inachemka yenyewe, nzito, chachu, ya kushibisha, leo ipo kesho kutwa imekuwa siki. Yangu imetulia, hamira imezama chini. Nikamwomba anieleze anavyofanya, ingawa nilishaona mara nyingi bila kutazama. Mtama unalowekwa, unatandazwa na kufunikwa mpaka uchipue, unaanikwa juani, unasagwa: hicho ni kimea. Kisha anapika uji wa unga wa mtama, anauacha upoe, ndipo anatia kimea. Si kabla. Nikamuuliza kwa nini asitie pamoja, akanitazama kama mtoto wa mjini, akasema kimea kikiungua hakifanyi kazi. Jamani! Wanga wa mtama huhitaji moto mkali kuliko wa shayiri ili ulainike, karibu nyuzi 70 na zaidi, na moto huo huo unaua vimeng'enya vya kimea. Suluhisho ni kupika wanga peke yake kwanza, kisha kuupoza, kisha kutia kimea. Viwanda vinavyopika bia ya mtama vina vipimajoto na matangi mawili kwa ajili ya kazi hiyo. Yeye ana kidole chake.

Na hapo ndipo wazo lililonikamata lilipozaliwa, na tangu siku hiyo sijaacha kulisema kwa kila anayenisogelea. Kimea cha mtama kiko sokoni Majengo, kwenye viroba, kinauzwa kwa debe na kwa kopo. Mtama mweupe kama Macia umejaa katika wilaya za mkoa huu, na kampuni za bia zinaununua. Kwamba mtama unatoa bia angavu ya chupa si jambo la kubishaniwa, Nile Breweries ya Uganda ilishatoa Eagle Lager mwaka 2002 kwa mtama wa Epuripur. Asali ya Itigi iko barabarani Manyoni. Tunachokikosa ni boksi! Ndoo yenye koki, haidromita, hamira ya gramu 7, kimea kilichopimwa kilo yake, na karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili yenye mchoro wa kanga iliyolowa. Zabibu tumeshaweza, mvinyo wa Dodoma uko kwenye rafu za nchi nzima. Fundi wa SIDO akiisoma hii, namba yangu anaweza kuipata kwa mhariri.

Kidogo kuhusu sheria, haraka. Kujitengenezea na kunywa na jamaa ni jambo moja, kuuza ni jingine, linataka leseni. Na asitokee mjanja wa kuikeneka: gongo ni kosa la jinai, na haidromita haitakutetea mahakamani. Watoto wasiguse.

Kuna kasoro? Zipo mbili, na zote ni za umbali. Kopo lazima litoke nje, na uzito wake ndani ya begi unashindana na zawadi za mama mkwe. Vidonge vya sukari vikiisha huvipati hapa, ingawa kijiko kidogo cha sukari ya Kilombero kinafanya kazi ile ile, nimehakikisha.

Ndoo ya pili inaanza Jumamosi. Badala ya ile sukari ya mfuko naweka kilo ya asali ya Itigi, na pembeni, kwenye ndoo ya kawaida ya lita 10, najaribu kimea cha Majengo kwa utaratibu wa mama wa Chamwino: uji kwanza, upoe mpaka 65, kimea, saa moja na nusu ndani ya blanketi, chujio, jiko, hamira. Sukari itakuwa kidogo kuliko ya shayiri, kimea cha mtama hakina nguvu sawa katika hilo, lakini nina kipimo sasa na nitajua ni kidogo kiasi gani. Shemeji ameuliza safari ijayo aniletee makopo mangapi. Nimemwambia alete pakiti za hamira na haidromita ya akiba, begi lililobaki ajaze nguo za watoto.